Tulimtafuta Ng'ombe Asiyekuwepo

Kuna umri ambao vijana wanakuamkia shikamoo na wazee bado wanakutuma. Si kijana, si mzee. Katika umri huo mwili unaanza kukujibu vibaya, na usipoutoa nje asubuhi unazidi kuwa mjeuri. Nasema hili mapema nisipotezee mtu wakati wake: kutembea taratibu, nje, penye hewa, kunasaidia. Nimeona kwa mwili wangu na kwa mwili wa mwenzangu. Na mwenzangu alikufa. Mambo yote mawili ni kweli, wala moja halifuti jingine.

Mimi na yeye tulitoka vijiji vya upande wa Samuye tukiwa vijana, tukaenda Geita kwenye dhahabu, wakati vita ya Wazungu bado inaendelea. Mimi nilisukuma toroli za mawe. Yeye alikuwa na kifua kipana, wakampa mashine ya kutoboa miamba. Aliyeshika mashine alipata zaidi, akaheshimiwa zaidi, akala vumbi zaidi. Tulipotoka shimoni jioni nyusi zake zilikuwa nyeupe kama za babu yangu, tukamcheka, naye akacheka. Hakuna aliyefikiri kwamba lile vumbi alilolikung'uta usoni lilikuwa limeingia pia mahali pasipokung'utika.

Tulirudi nyumbani na ng'ombe. Wangu sikurithi hata mmoja. Baba aliniachia jembe na jina, basi. Wapo waliosoma hadi darasa la sita ambao leo wanakuja kwangu kuomba maziwa, na mimi nilitoka shuleni kabla sijamaliza kitabu cha pili. Nalisema kwa sababu ni kweli.

Lakini mali ile ndiyo iliyotukalisha. Kwetu mwanamume aliyerudi mgodini na ng'ombe hachungi, kuchunga ni kwa vijana. Halimi peke yake watu wakimtazama, anapika pombe na kuita kikundi cha walimaji kije na ngoma zake. Akiwa na baiskeli hatembei. Sisi tulikuwa na kila sababu ya kukaa, tukakaa. Asubuhi kwenye kigoda, mchana kwenye kigoda, jioni kwenye pombe. Magoti yangu yakaanza kulia nikiinuka. Usiku nikawa natazama paa. Nikawa mkali kwa watu wa nyumbani bila sababu, mpaka mke wangu akaniambia, "Baba, afadhali ulivyokuwa Geita."

Mwenzangu hali yake ilikuwa mbaya kuliko yangu. Pumzi ilikuwa fupi. Kutoka mlangoni mpaka zizini alisimama njiani kama mtu anayetafakari, kumbe anavuta hewa. Alilala ameegemea ukuta. Ugali ulirudi jikoni vilevile ulivyoletwa. Yule mtu aliyekuwa akiimba kwenye ngazi za shimo alifika mahali pa kukaa siku nzima bila neno, akitazama miguu yake.

Nilimpakia kwenye baiskeli nikaisukuma mpaka zahanati ya misheni. Dresa, mganga mdogo wa pale, alikuwa Mwislamu, mtu wa Tabora, mwenye maneno. Akamgonga gonga mgongo, akasikiliza, akavua ile mipira yake masikioni.

"Ulikuwa Geita?"

"Umejuaje?"

"Kifua chako kinanisimulia."

"Dawa ipo?"

"Ya kikohozi ipo. Ya mawe uliyoyavuta haipo. Hata Mwanza haipo, msije mkauza ng'ombe bure."

"Basi nikalale ningoje."

"Ukilala ndiyo utakwenda upesi," dresa akasema. "Makohozi yatatulia humo ndani, miguu italegea, chakula hutakitaka. Amka asubuhi utembee. Taratibu, kama mwanamke mwenye mimba kubwa. Ukichoka simama. Kesho tena. Hutapona, nisikudanganye. Lakini utaishi ukiwa mtu."

"Nitembee kwenda wapi?"

"Popote! Nenda, urudi."

Mwenzangu akamtazama kama anayemtazama mtoto. Tulipofika njiani akasema, "Yule bwana ni mtu wa mjini. Hajui watu wa huku."

Alikuwa na haki. Huku kwetu hakuna mtu anayetembea kwenda popote. Ukikutana na mtu njiani mnaamkiana, anakuuliza unatoka wapi, unakwenda wapi, nawe unajibu, ndiyo adabu. Asiye na jibu ni mmoja kati ya watu wabaya: mwizi anayechungulia mazizi, au mchawi anayerudi kutoka kwenye shughuli zake, au mtu aliyeharibika akili. Kusema "natembea tu" ni sawa na kuchagua wewe mwenyewe uitwe yupi kati yao.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda kwake. Mke wake alinikuta nje ya ua wa minyaa, kabla sijaingia. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi, na macho yake siku zile yalikuwa mekundu kwa kukesha.

"Shemeji, mtoe humo ndani," akasema. "Akikaa hivi havuni mtama wa mwaka huu, na watoto hawa bado wadogo. Mtoe. Mkitaka, semeni mnakwenda kuniolea mke mwenza, mimi sitauliza."

Tukatoka. Kila mtu na fimbo yake, tunakwenda polepole, tumeinamisha vichwa kwa sababu yeye akiinua kichwa pumzi inakatika. Hatujafika mbali tukakutana na bibi mmoja amebeba ungo wa michembe, viazi vilivyokatwa na kukaushwa.

"Mwangaluka," akatuamkia.

"Mwangaluka, mama."

"Mnatoka wapi, mnakwenda wapi?"

Mimi nikafungua mdomo, sikuwa na kitu ndani yake. Mwenzangu akatazama chini. Yule bibi akatupima: wanaume wawili wazima, fimbo mkononi, macho ardhini.

"Ooo," akasema mwenyewe. "Mmepotelewa na ng'ombe."

"Ndiyo," mwenzangu akajibu.

"Poleni! Yukoje?"

"Mtamba." Akasimama, akavuta pumzi. "Mwekundu. Tumbo jeupe." Akavuta tena. "Pembe moja imelala."

Bibi akasikitika kweli, akatupa michembe ya kutafuna njiani, akaahidi kuwauliza wajukuu zake wanaochunga. Alipopita nikamgeukia mwenzangu.

"Pembe imelalaje?"

"Nilikuwa natafuta pumzi," akasema, "ndiyo pembe ikalala."

Tukacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi. Nilikuwa sijasikia kicheko kile tangu Geita.

Hivyo ndivyo tulivyompata yule ng'ombe. Atakayesema tulikosa na aseme. Mimi naona ng'ombe yule alifanya kazi kuliko wengi walio zizini. Mtu aliyepotelewa na ng'ombe ana ruhusa ya nchi nzima. Anapita shamba la mtu, anakatiza malisho ya mtu, anasimama kwenye ua wa mtu na kupewa kibuyu cha maziwa na kigoda cha kupumzikia. Akienda polepole wanasema anafuata nyayo. Akisimama wanasema anasikiliza kengele. Akirudi mikono mitupu wanampa pole, na kesho akitoka tena wanasema huyu ni mwanamume, hakati tamaa.

Tulitembea hivyo msimu mzima wa baada ya mvua. Tulipita ukingoni mwa mbuga, udongo ukiwa bado laini chini ya kandambili za matairi, tukazunguka mawe makubwa yaliyolaliana, tukarudi jua likianza kuuma. Mwanzoni tulisimama kila kichaka. Baadaye tukaruka kichaka kimoja, halafu kingine. Hakuna aliyemkimbiza mwenziwe. Akisimama nilisimama, nikajifanya natazama nyayo hata kama hakuna wa kunitazama.

Mke wake akaanza kunipa habari uani. Leo amemaliza ugali, akaomba mboga zaidi. Jana alilala mpaka jogoo akawika. Amemtania mtoto. Amegombana na mimi kuhusu chumvi, shemeji, gomvi la kawaida la mtu na mkewe, nikafurahi nikaenda jikoni nikalia. Na mimi magoti yakanyamaza. Usingizi ukarudi. Ule ukali wa bure ukapungua, mke wangu akaacha kunitamania Geita.

Na tulizungumza. Miaka yote ya mgodini mashine ilikuwa inapiga kelele, jioni tumechoka. Sasa kati ya pumzi na pumzi aliniambia mambo. Aliniambia anaogopa. Hakuniambia kwa maneno hayo, mwanamume wa kwetu hasemi hivyo. Alisema, "Kule chini taa ikizimika unajua kuna mtu juu atashusha nyingine. Hii inayozimika humu ndani sijui nani anashusha." Nikasema, "Twende mpaka kwenye lile jiwe." Tukaenda.

Kifua hakikupona, nisidanganye mtu. Kukohoa kulikuwa palepale. Lakini alikuwa anakohoa akiwa njiani, juani, anabishana na watu kuhusu ng'ombe wake. Maana ng'ombe alikuwa amekua. Huyu alimwona mtoni. Yule alimwona kwenye kundi la jirani akamkosa. Mwenzangu aliwasahihisha: "Huyo siye. Wangu hapendi maji, hunywa na kuondoka." Mtu anayekufa hana muda wa kusema mambo kama hayo.

Kiangazi kikakauka. Asubuhi moja tulikuwa tumeketi tukipumzika, tukasikia mwano, lile yowe la kuita wanaume wote wakati ng'ombe wameibwa. Likapokelewa kilima hadi kilima. Mwano ukilia hakuna kuuliza, mwanamume anachukua fimbo au mkuki na kukimbia, na asiyekwenda anatozwa. Mimi nilisimama. Yeye hakuweza kukimbia, na kumwacha sikuweza. Tukafuata yowe kwa mwendo wetu uleule wa mwanamke mwenye mimba, na kadiri tulivyokwenda tuliona linaelekea kwake.

Uwanja wake ulikuwa umejaa. Katikati wameweka mtu chini, mikono imefungwa kamba ya ng'ombe, sikio linatoka damu. Kando yake mtamba mwekundu, tumbo jeupe, pembe moja imelala. Nikasema moyoni, Mungu wangu.

Mkuu wa vijana akasogea mbele, anatoa jasho, anang'aa kwa furaha. "Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Ng'ombe wako huyu. Na mwizi wako huyu. Tumemkamata kisimani. Sema neno moja tu, baba, tumalize."

Yule mtu aliyefungwa alikuwa Msumbwa wa kutoka Masumbwe, umri wetu. "Nimemnunua mnadani Kagongwa," akasema. "Ni wa posa ya mwanangu. Waulizeni Kagongwa! Mimi nina watoto, jamani."

"Nyamaza wewe. Kila mwizi ana watoto."

Mwenzangu akamzunguka yule ng'ombe. Alimtazama kwa muda mrefu kupita kiasi. Namjua, najua alichokuwa akipima. Akisema ndiyo, anapata ng'ombe na heshima, na kesho tunakosa cha kutafuta, na Msumbwa anauawa palepale kwenye uwanja wake. Akisema siyo, lazima aseme na mengine. Mke wake alikuwa mlangoni ameshika mdomo.

"Siye," akasema.

"Mtazame vizuri, baba. Pembe hiyo hapo."

"Siye wangu."

"Basi wako yuko wapi?"

"Hayupo."

"Tunajua hayupo, ndiyo maana tunamtafuta!"

"Hayupo," akasema tena, pumzi inaisha. "Hakuwahi kuwapo."

Mwanangwa, mkuu wa kijiji, alikuwa amefika kwa baiskeli. Akaketi, akauliza taratibu, na mimi ndiye niliyemjibu, maana mwenzangu alikuwa ameshika mti akihema.

"Asubuhi zote hizi mlikuwa mnatafuta nini?"

"Hatukutafuta kitu. Tulikuwa tunatembea."

"Mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote. Tunakwenda, tunarudi. Ni kwa ajili ya kifua chake. Dresa alisema."

Halafu mtu wa nyuma akasema, "Kumbe wazee wanacheza!" na uwanja wote ukapasuka. Wanaume waliokimbia na mikuki walicheka mpaka wakaegemea mikuki yao. Wanawake nyuma ya ua walicheka. Hata Msumbwa walipomfungua alicheka, mkono kwenye sikio lake.

Tulitozwa. Mwenzangu alitoa dume la kuchinjiwa wanaume wote walioitwa kwa yowe la bure, mimi nikatoa mbuzi kwa Msumbwa. Hilo sikulilalamikia, mali inatafutwa. Na kuchekwa mimi sijali. Nimechekwa na watu nikiwa sina viatu na nimechekwa nikiwa navyo.

Yeye alijali. Kesho yake nilikwenda, mlango umefungwa.

"Toka twende."

"Nikaseme nini?"

"Sema unatembea. Sasa wanajua."

"Sema wewe. Wewe una kifua cha kujibia."

Nikaenda tena na tena. Nikamwambia tuzunguke basi humu ndani ya ua, hakuna atakayetuona. Akasema, "Nizunguke ua wangu kama dume linalosubiri kisu?" Watoto wa njiani walikuwa wameshapata mchezo: wawili wanainama na vijiti, wanakohoa, mwenzao anawauliza wamepotelewa na nini. Mvua za kwanza ziliponyesha, kikundi cha walimaji kikatunga wimbo. Walimaji wetu hawasamehe kitu, kila kituko cha mwaka kinaingia kwenye ngoma ya majembe. Wakauimba wakilima mashamba ya jirani yake, na ukuta wa udongo hauzuii ngoma.

Mke wake alikwenda kwa mwimbishaji akapiga magoti. Kijana yule hakuwa mbaya. Aliona haya, akaufuta wimbo siku ileile. Asubuhi iliyofuata wakalima shamba lilelile kwa nyimbo nyingine.

"Unasikia?" nikamwambia mwenzangu. "Wameacha."

"Nasikia," akasema. "Sasa wananihurumia."

Yote tuliyoyapata yaliondoka kwa mpangilio uleule yalivyokuja, ila haraka zaidi. Ugali ukarudi jikoni. Akarudi kulala ameegemea ukuta. Miguu ikawa myembamba, kisha ikavimba. Alinyamaza. Dresa alikuja kwa baiskeli yake, akamsikiliza kifua, akatoka nje akaniuliza kwa hasira kwa nini tuliacha. Nikamweleza habari ya ng'ombe tangu mwanzo. Alitaka kucheka, nikamwona anavyojizuia. Akasema, "Watu wa huku!" akapanda baiskeli yake. Namsamehe. Ningekuwa mtu wa Tabora ningesema hivyohivyo.

Mara ya mwisho nilipojaribu, mimi na mke wake tulimbeba na kigoda chake tukamweka mlangoni, jua la saa tatu likimpiga usoni. Mtama ulikuwa umefika magotini. Kuna mtu alipita njiani, akatuamkia kwa heshima kabisa, hakucheka, hakuuliza chochote. Mwenzangu alingoja apite.

"Nigeuzeni," akasema. Tukamgeuza, akatazama ndani. Alikufa wiki hiyo, mtama haujatoa mashuke.

Nimesikia wanaosema ni vumbi la Geita. Ndiyo, ni vumbi. Lingemwua tu, mwaka ule au uliofuata. Lakini nilimwona akiishi na vumbi lilelile, anakula, analala, anagombana juu ya chumvi, kwa sababu tu alitoka nje asubuhi akaenda polepole. Kitu kisichonunuliwa popote. Akanyang'anywa hata hicho, na hakuna mwizi wa kumfunga kamba.

Matanga yalipokwisha, watu wametawanyika, mke wake alinisindikiza mpaka mwisho wa ua. Alikuwa amekonda, macho yameingia ndani.

"Shemeji, mimi silali," akasema. "Mwili mzima unaniuma, na sijafika uzee. Wewe bado unatembea asubuhi?"

"Natembea."

"Nipitie basi. Nitabeba jembe, waone nakwenda shambani."

Nilifikiri kweli. Mjane na rafiki wa marehemu, asubuhi, njia moja, polepole. Nikaona jinsi watakavyotutazama, na yeye aliona kwamba ninaona.

"Haitawezekana, shemeji," nikamwambia.

"Najua," akasema. Akarudi ndani.